Yellow Springs, Ohio, kwa kiti cha magurudumu na baiskeli: uzoefu wetu

Kama unaishi Dayton, Columbus au Cincinnati na nyumbani kuna mzee anayetumia kiti cha magurudumu, mpeleke Yellow Springs kabla ya kwingine kote. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga, na magoti yake hayamruhusu tena kutembea mbali. Bustani nyingi tulizojaribu zilitushinda: changarawe inakwamisha yale magurudumu madogo ya mbele, au kuna kilima ambacho anayesukuma akikimaliza yeye ndiye anahitaji kiti. Huku tulikwenda wote. Mama kwenye kiti, mimi nasukuma, mume wangu na watoto juu ya baiskeli.

Mji wenyewe ni mdogo, wakazi hawafiki 4,000. Katikati yake inapita Little Miami Scenic Trail, njia ya lami ya waenda kwa miguu na baiskeli yenye urefu wa maili 78 hivi, yaani kama kilomita 125, kuanzia Springfield hadi karibu na Cincinnati. Magari na pikipiki marufuku. Kiingilio hakuna.

Kinachoifanya njia iwe laini namna hii ni kwamba zamani ilikuwa reli. Kampuni ya Little Miami Railroad ilipata kibali mwaka 1836, na ilipofika 1846 treni zake zilikuwa zinaingia Springfield. Treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo waliojenga walikata vilima na kujaza mabonde mpaka tuta likawa karibu tambarare. Leo mataruma hayapo, lami imetandikwa juu ya tuta lile lile, na anayefaidi ni mtu kama mama. Yeye amekulia Korogwe, kando ya reli ya Tanga, hivyo hakuhitaji maelezo yangu. Aliangalia mbele, njia imenyooka moja kwa moja kati ya miti, akasema, "Hapa palikuwa pa garimoshi hapa."

Tulianzia kwenye jengo lililojengwa kwa mfano wa stesheni ya zamani, pembeni kabisa mwa njia. Hapo kuna vyoo vya umma, na ukitembea na mgonjwa au mzee unajua kwamba hilo ndilo swali la kwanza, mandhari baadaye. Upana wa lami unatosha kiti na baiskeli kupishana bila mtu kushuka majanini. Pale njia inapokutana na barabara za mji, ukingo umeshushwa, kiti kinapita bila kukiinua. Kivuli ni kingi ukishatoka mjini. Sehemu chache mizizi imeinua lami na kufanya matuta madogo. Kwa baiskeli huyasikii sana, ila aliyekaa kwenye kiti yanampata mgongoni, kwa hiyo punguza mwendo.

Waendesha baiskeli wa huku wana adabu. Akitaka kukupita anapiga kengele au anapaza sauti kwamba anapita kushoto kwako. Mama alidhani wanamsalimu. Kila mmoja akajibiwa "Marahaba!" kwa sauti ya kutosha, na wengi walimpungia mkono.

Reli hii ina historia ambayo mimi mwenyewe ilinigusa. Mwaka 1862, Marekani ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, Moncure Conway, mhubiri aliyepinga utumwa ilhali baba yake alimiliki watumwa huko Virginia, aliwaleta hapa kwa treni watu wapatao 30 waliokuwa watumwa wa baba yake. Walianza maisha mapya Yellow Springs. Nilimsimulia mama tukiwa tumepumzika kwenye benchi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama walipewa mashamba au waliachwa tu.

Sasa mahali ambapo mambo yanabadilika. Mkabala na njia kuna Glen Helen, hifadhi ya msitu ya ekari 1,000 hivi, ambayo Hugh Taylor Birch aliikabidhi kwa Antioch College, chuo cha hapa mjini, mwaka 1929 kwa kumkumbuka binti yake Helen. Humo ndimo ilimo chemchemi yenye madini ya chuma ambayo imepaka mawe rangi ya manjano na kuupa mji jina lake. Lakini kushuka bondeni ni ngazi za mawe, nyingi, na kiti hakishuki. Tulipokezana: wengine wakishuka, mmoja anabaki juu na mama. Kama lengo lako ni kumwonyesha mzee wako chemchemi, usimwahidi. Maduka na migahawa ya mjini nayo hayalingani. Mengine unaingia moja kwa moja, mengine kuna ngazi ya kupanda mlangoni. Tulichagua pa kula kwa kuangalia mlango kwanza, menyu baadaye.

Kwa wenye baiskeli, safari nzuri ni kusini hadi mji wa Xenia, maili 9 au 10. Mume wangu alikwenda na binti yetu mkubwa. Xenia njia kadhaa za baiskeli zinakutana, na moja inaendelea mashariki hadi London, ile ya Ohio. Tahadhari tu: ukitoka Yellow Springs unateremka polepole bila kujua, unajiona bingwa, halafu kurudi ndipo miguu inaanza kudai. Binti alirudi amenuna na kumaliza maji ya watu wote.

Kwa anayesukuma kiti, usifikirie Xenia. Nenda maili moja au mbili nje ya mji, geuza, inatosha. Jumamosi mchana maegesho ni shida na njia inajaa. Asubuhi ni afadhali zaidi. Majira ya majani kupukutika panapendeza sana, ila majani yakilowa lami inateleza, na breki za kiti ni vyema uzikague nyumbani kabla ya kupakia kwenye gari.