Klabu ya picha nyeusi na nyeupe: nimeenda, nimechambuliwa, nitarudi

Jamani nimeshaenda mara tatu kwenye klabu moja ya wapiga picha hapa Dar, sharti lao ni moja tu, picha uje nayo kwenye karatasi, ukitoa simu wanakuangalia tu. Zinabandikwa ukutani bila jina, kila mtu anasema anachoona, mwenye nayo ananyamaza mpaka mwisho, na hapo kwenye kunyamaza ndo pana kazi!

Mi nilipeleka ya wavuvi pale Feri alfajiri, filamu HP5 ya nyeusi na nyeupe, nimeisafisha mwenyewe kwenye karatasi ya Ilford Multigrade (ile unayobadilisha ukali wa picha kwa filta wakati wa kuchapa), nikajua leo napigiwa makofi. Mzee mmoja akaisogelea akauliza, "Kijana, haya mashati yana mikunjo au umeyapaka chokaa?" Kweli bwana, nilitumia filta namba 4, kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, ikapanda mno, nyeupe tupu huku na giza tupu kule. Akanambia rudia na namba 2, halafu wakati wa kuchapa mashati uyaongezee mwanga sekunde chache peke yake huku sehemu nyingine umezikinga na kadibodi, maana kwenye karatasi hiyo mwanga ukiongezeka ndo panakuwa peusi zaidi. Nimefanya hivyo, mikunjo ipo, hadi magamba ya samaki yanaonekana.

Kinachoboa ni taa, ukileta karatasi ya kung'aa unaona sura yako badala ya picha, bora ulete ya mati, isiyong'aa. Na wapo wawili watatu kila picha kwao "nzuri sana kaka", sasa huo uchambuzi gani? Chai ipo, vitumbua wahi.