Kalipa za breki kwa bagi la mchangani: zipi ununue kwanza, zipi uachane nazo

Wengi wanaotengeneza bagi hununua kwanza kalipa kubwa za mbele, yaani vile vifaa vinavyobana pedi kwenye diski ya breki, na hapo ndipo pesa inapopotea. Bagi ninalolizungumzia ni lile la fremu ya mabomba, injini nyuma, matairi ya mbele membamba na ya nyuma mapana, liwe limejengwa juu ya chesisi ya Beetle ya zamani au limechomelewa gereji na kufungwa injini ya Subaru. Uzito wake mwingi umekaa nyuma. Ukikanyaga breki mchangani, mbele hakuna uzito wa kuyashikisha yale matairi membamba. Yanafunga, yanalima mchanga kama jembe, na usukani hausikii tena. Ndiyo maana magari mengi ya kupanda matuta ya mchanga kule Marekani hutengenezwa bila breki za mbele kabisa.

Kwa hiyo anza nyuma. Kama bagi lako litaingia barabarani, hata kama ni lami ya kilomita mbili tu kutoka nyumbani hadi ufukweni, breki za magurudumu yote manne ni lazima, na hilo halina mjadala. Lakini hata hapo, kalipa nzuri zaidi ulizo nazo zifungwe nyuma, na mbele paachiwe breki za wastani.

Jambo la pili ni pistoni, kile kipande kinachosukumwa na mafuta ili kubana pedi. Dukani utaonyeshwa kalipa ya pistoni nne iliyopakwa rangi nyekundu na utaambiwa hiyo ndiyo breki. Idadi ya pistoni peke yake haikuambii nguvu. Kalipa ya pistoni nne, mbili kila upande, ukitaka kuilinganisha na ile ya kuteleza, ambayo mwili wake husogea kwenye pini na yenye pistoni upande mmoja, hesabu pistoni za upande mmoja tu. Pistoni mbili za milimita 35 zina eneo la takriban milimita za mraba 1,924. Pistoni moja ya milimita 54, kama iliyopo mbele kwenye Golf nyingi, ina 2,290. Kwa presha ileile ya mafuta, hiyo moja inabana zaidi ya zile nne. Faida halisi za pistoni nyingi ni kwamba pedi hulika sawasawa, na kalipa ya aluminiamu huwa nyepesi. Ni faida za kweli, ila kwa bagi la mchangani kinachoamua zaidi ni kama mchanga na chumvi vinaweza kuingia ndani, na kama utapata pedi na sili (raba ya ndani inayozuia mafuta yasivuje) mji ulipo.

Kwa vigezo hivyo, mpangilio wangu ni huu.

Ya kwanza: kalipa za nyuma za Golf ya kizazi cha nne

Hizi zilianza kutoka mwaka 1997, na ndizo zilizokuwa kwenye Bora na Audi A3 za wakati huo. Pistoni moja ya milimita 38, mwili wa aluminiamu, na mkono wa kebo wa breki ya kuegesha umo humohumo ndani. Hiyo kebo ndiyo iliyozipandisha hadi juu. Bagi lisilo na breki ya kuegesha ni hatari kwenye mteremko, na kutengeneza mfumo wa pembeni wa kushika ekseli ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Raba ya vumbi ya pistoni ni ya kiwandani, imetengenezwa kuvumilia matope na mvua miaka mingi. Pedi zinapatikana karibu kila duka la spea lenye vitu vya Volkswagen, na seti ya sili pia.

Ubaya wake unajulikana: ule mkono wa kebo hukwama. Kutu ikiingia kwenye ekseli yake ndogo, breki inabaki imeshika nusu, diski inachemka na pedi zinaisha upande mmoja. Ukinunua mtumba, vuta mkono kwa bisibisi kisha uachie. Urudi wenyewe hadi mwisho kwa springi yake. Ukirudi kwa kuusaidia, iache palepale mezani.

Ya pili: kalipa za mbele za Subaru za pistoni mbili

Hapa nasema zile za kuteleza za Forester na Impreza za kawaida, si zile za pistoni nne za matoleo ya turbo. Zinafaa mbele kwa bagi zito lenye injini ya Subaru, hasa lile linaloenda kwenye njia za mawe na udongo mgumu ambako matairi ya mbele yanapata pa kushika. Nairobi na Dar es Salaam zimejaa Subaru, kwa hiyo spea si tatizo. Za pistoni nne ni nzuri pia, ila zinataka diski kubwa na rimu kubwa, na ukishaweka rimu kubwa umepoteza ule ukuta mrefu wa tairi unaokupa raha mchangani.

Ya tatu: Wilwood, ukichagua zenye sili ya vumbi

Kampuni hii ya California, iliyoanza mwaka 1977, inatengeneza kalipa nyepesi na zilizochongwa vizuri sana. Zikifungwa sawasawa, pedali inakuwa imara na unaipima breki kwa kidole cha mguu. Ningeziweka namba moja kama si kitu kimoja: nyingi kati ya zile za mashindano hazina raba za vumbi. Gari la mashindano hufunguliwa na kusafishwa kila baada ya mbio. Bagi lako litalala uani likiwa na mchanga wa Jumapili hadi Jumapili nyingine. Chembe za mchanga zinakaa kwenye shingo ya pistoni, pedi zikilika pistoni inatoka, halafu siku unaweka pedi mpya unairudisha ndani na mchanga wake, na sili inachanika hapohapo. Yapo matoleo yenye sili ya nje ya kuzuia vumbi. Uliza hilo kwa maandishi kabla hujalipa, kwa sababu kwenye picha zinafanana.

Nyingi hazina sehemu ya kufunga kebo ya kuegesha. Pia pedi zake agiza seti mbili pamoja na kalipa. Aliyeko Dubai au Muscat ana njia fupi ya kuzipata. Aliyeko Mwanza akiishiwa pedi, gari litasimama hadi mzigo ufike.

Ya nne: kalipa za Hilux za pistoni nne

Fundi wengi wangeziweka juu, na ninaelewa kwa nini. Ni za chuma kizito, zinashika vizuri, pedi zake utazipata hata kwenye duka dogo la njiani. Lakini ni nzito, na uzito huo unaning'inia kwenye gurudumu, chini ya springi, pale ambapo kila kilo inafanya gurudumu liruke badala ya kufuata ardhi. Zinafaa bagi la viti vinne lenye injini kubwa linalobeba watu na mizigo. Kwa la viti viwili zimepita kiasi.

Za kuacha

Kalipa zisizo na jina zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zenye nembo inayokaribia kufanana na ya kampuni kubwa. Ukichomoa pistoni utaona alama za mashine zimeachwa kwenye tundu la sili. Mafuta yatapita tu, leo au mwezi ujao.

Kwa vibagi vidogo vya injini ya cc 150 vinavyokodishwa kwa watalii pwani, mara nyingi nyuma kuna kalipa moja tu inayoshika diski iliyofungwa kwenye ekseli. Usibadilishe muundo. Nunua kalipa ya aina ileile, weka pedi nzuri, na kila jioni osha kwa maji baridi ambayo si ya chumvi.

Ukiwa mbele ya muuzaji wa mtumba

Nenda na spana ya kutolea hewa, klempu na tochi. Kwanza kabisa, jaribu kulegeza nipeli ya kutolea hewa. Ikikatika mikononi mwako kabla ya malipo, wewe na muuzaji mtaelewana. Ikikatika gereji kwako, una kalipa isiyotolewa hewa. Kisha kunja ukingo wa raba ya vumbi kwa ukucha na umulike pistoni. Iwe inang'aa kama kioo. Vishimo vidogo vya kutu, hata kimoja cha ukubwa wa kichwa cha pini, vikiwa kwenye sehemu inayopita kwenye sili, vitakula sili mpya ndani ya muda mfupi. Pistoni za nyuma za Golf usizisukume kwa klempu. Zinaingia kwa kuzungushwa huku zikisukumwa, na ukilazimisha utavunja mfumo wa kebo uliomo ndani. Mwisho, vuta pini za kutelezea. Zitembee kwa nguvu za vidole. Ukizikuta zimekauka si kasoro kubwa, zinasafishwa na kupakwa grisi ya breki, lakini ukikuta pini iliyolika upande mmoja, tikisa kichwa na uende.

Masta silinda kabla ya kufunga

Nyingi kati ya kalipa hizi zilitoka kwenye magari yenye sevo, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu. Bagi lako huenda halina. Chukua mguu unaosukuma kwa niutoni 300 na pedali ya uwiano wa 6 kwa 1. Masta, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, ikiwa ya milimita 19 itakupa presha ya takriban baa 63. Ya milimita 22 itakupa baa 47. Kwenye pistoni ya milimita 38 hiyo ni tofauti ya karibu niutoni 1,800 za kubana kila gurudumu, kwa mguu uleule. Watu wanabadilisha kalipa mara mbili, tatu, wakati tatizo lilikuwa masta kubwa. Bila sevo anza na ya milimita 19. Pedali itashuka zaidi kidogo, na hiyo ni kawaida, mradi isifike sakafuni.

Kwenye bagi masta hukaa chini karibu na miguu, mara nyingi chini ya usawa wa kalipa. Mafuta yanarudi polepole kwenye masta gari likiwa limesimama, na asubuhi pedali ya kwanza inazama. Dawa yake ni vali ya kubakiza presha ya paundi 2 kwa inchi ya mraba kwenye laini ya diski. Ile ya paundi 10 ni ya breki za ngoma. Ukiiweka kwenye diski, pedi zitasugua muda wote.

Nipeli ya kutolea hewa lazima iangalie juu kabisa. Ikiangalia chini, umefunga ya kulia kushoto, na hewa haitatoka hata ukanyage pedali mpaka jioni.

Diski, pedi, mafuta

Diski zenye matundu zinapendeza, lakini matundu hujaa matope na nyufa huanzia hapo. Bagi jepesi linatosheka na diski nzima. Breketi ya kushikilia kalipa ikatwe kwenye bamba la chuma la milimita 10, na fundi ahakikishe diski inapita katikati ya kalipa, si kwa macho bali kwa kupima pande zote mbili.

Mafuta ya DOT 4 yanatosha. Kwa kiwango chake, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, na yakishanyonya unyevu, chini ya 155. DOT 3 ni 205 na 140. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo badilisha kila mwaka, na kopo lililofunguliwa zamani usilitumie. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizo nyingine kwa hali yoyote.

Kama unapanga kufunga zile breki mbili za mkono za kukata kona, lever moja kwa gurudumu la kushoto la nyuma na nyingine la kulia, mwambie fundi mapema. Kila gurudumu la nyuma litahitaji laini yake peke yake kutoka mbele, na ni rahisi kuivuta sasa kabla paneli za sakafu hazijafungwa.