Uzoefu wangu: seti ya mirija ya kusinyaa kwa joto yenye chapa ya 600V

Hii ni seti ya boksi lenye vyumba: mirija ya poliolefini (aina ya plastiki) ya kufunika viungo vya waya, ya 2:1, yaani ikipashwa joto husinyaa hadi nusu ya kipenyo chake, isiyo na gundi, kipenyo milimita 1.6 hadi 12.7. Mafundi wengi huiita hitishirinki tu. Ile mikubwa imeandikwa ubavuni 600V, 125°C (joto la juu la kufanyia kazi) na VW-1. Kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 naikubali bila kusita. Ila hiyo 600V husomwa vibaya sana, kwa hiyo naanza nayo.

Volti 600 ni kiwango cha kazi ya muda wote, mrija ukiwa umesinyaa hadi mwisho na ukuta wake umefikia unene uliokusudiwa. Si kiwango ambacho umeme hutoboa ukuta. Kwenye majaribio, mirija ya daraja hili hutiwa volti 2,500 kwa dakika moja na haitakiwi kupitisha. Wauzaji nao hutaja namba kubwa zaidi, mfano kilovolti 20 kwa milimita, na mtu anapiga hesabu kwamba ukuta wa nusu milimita unahimili kilovolti 10. Usiitumie hesabu hiyo kazini. Namba ile hupatikana kwa kipande kipya, safi na kikavu, kwa muda mfupi. Kiungo chako kina ncha, unyevu, vumbi, joto, na kitakaa humo miaka. Hata hizo 230 hufika 325 kwenye kilele cha kila wimbi, na mota ikizimwa volteji huruka juu zaidi. Nafasi iliyobaki hadi 600 husaidia kumudu hayo. (VW-1 ni habari ya moto: mrija umefaulu jaribio la kutosambaza mwali.)

Sasa ukuta, maana hapa ndipo kihami (kinga ya kuzuia umeme usipite) kinapopatikana au kupotea. Mrija wa milimita 6.4 unaosinyaa hadi 3.2 huwa na ukuta wa takriban milimita 0.36 kabla ya kupashwa joto, na 0.64 ukisinyaa wote. Ukiuvisha kwenye kitu chenye unene wa milimita 5, unakwama hapo na ukuta unabaki kama 0.45. Maandishi ya 600V bado yanasomeka, lakini karibu asilimia 30 ya unene uliouhesabia haipo. Ndiyo maana wa 6.4 mimi nauvisha kwenye kitu cha 3.5 hadi 4.2, kikizidi hapo nachukua saizi inayofuata. Kupima ni rahisi: kata kipande cha milimita 30, kisinyaze kikiwa kitupu, kipasue kwa urefu, bana ukuta kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene). Wa 6.4 kwenye boksi langu ulitoa 0.6, namba ya kuridhisha.

Kabla ya kuvisha, pitisha kidole juu ya lehemu. Ukikwaruzwa, piga tupa. Ncha moja ya lehemu iliyosimama kama mwiba hukaa kimya mrija ukiwa wa baridi, kisha joto likiulainisha na mrija ukijikaza, mwiba unapenya. Kwa nje unaona alama ndogo nyeupe, au kichomozo kinachong'aa. Hapo kata, safisha, rudia. Mrija wa pili juu yake haurekebishi kitu, mwiba bado upo.

Acha mrija ufunike ganda la waya angalau milimita 10 kila upande, kwani husinyaa kidogo kwa urefu pia, na kiungo kilichopimwa sawasawa huchungulia mwishoni. Wakati wa kulehemu usukume mbali, usije ukasinyaa kabla haujafika mahali pake. Pasha kwa hewa moto kuanzia katikati kwenda ncha, ukizungusha. Kiberiti cha gesi huunguza upande mmoja na kuacha masizi, na masizi ni kaboni, hupitisha umeme.

Tabaka mbili za 600V hazikupi kihami cha 1,200V. Katikati yake hubaki hewa, na hakuna aliyezithibitisha kama kitu kimoja. Mimi huongeza tabaka la pili kuzuia mikwaruzo tu. Kwa hiyo seti hii isiguse mfululizo wa paneli za sola unaofika volti 1,000 au 1,500. Huko tafuta kiunganishi chenye daraja hilo. Nje kwenye mvua pia haifai, unahitaji ile ya 3:1 yenye gundi, na ujue imeshika pale unapoona pete ya gundi ikichungulia ncha zote mbili.

Naipa nne kati ya tano. Nimepunguza moja kwa sababu boksi halitaji unene wa ukuta popote, na mirija ya 1.6 na 2.4 haina maandishi yoyote. Mirija ya ukuta mwembamba sana mara nyingi ni ya volti 300, kwa hiyo hiyo isiyo na chapa nimeitenga kwa nyaya za volti 12 na 24.