LCD ya 16x2 (skrini ya mistari miwili ya herufi 16) kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja: waya za moja kwa moja au I2C, mawasiliano ya waya mbili za data?

Kuunga moja kwa moja hula pini sita za GPIO (pini za Pi za kuingiza na kutoa ishara), zinazoungwa kwenye pini za skrini: RS na E za udhibiti, na D4 hadi D7 za data. Ongeza volti 5, graundi, na potenshiomita ya kilo-omu 10 kwenye V0, pini ya kukoleza maandishi. RW, pini ya kuchagua kusoma au kuandika, lazima iende graundi. Ukiiacha, skrini yaweza kurudisha volti 5 kwenye pini za Pi zinazovumilia 3.3 tu, na hapo bodi kwaheri.

I2C, yenye kibao cha chipu ya PCF8574 mgongoni mwa skrini, yataka waya nne: umeme, graundi, SDA ya data (pini ya 3 ya Pi) na SCL ya saa (pini ya 5). Washa I2C kwa raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kisha endesha i2cdetect -y 1 kutafuta anwani ya skrini. Anwani mara nyingi ni 0x27 au 0x3F. Hatari yake imejificha: vipingamizi vya kibao huvuta SDA na SCL hadi volti 5, basi weka kigeuza volti katikati.

Kwa Mombasa, chukua I2C. Hewa ya chumvi hula ncha za waya za kuchomeka, na kulehemu maungio manne si kama kumi na mawili ya njia ya moja kwa moja.

Vijisanduku mstari wa juu tu? Programu haijaiamsha skrini, kagua anwani. Mwanga bila herufi? Zungusha kiskrubu cha kukoleza kilicho kwenye kibao cha nyuma.