Rafu ya viatu na makoti kutoka kwa seremala wa Barabara ya Ngong

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi mlango hufunguka moja kwa moja sebuleni, hivyo baridi ya Julai ikiingia, makoti huishia kwenye migongo ya viti. Rafu niliyotengenezewa na seremala wa kando ya Barabara ya Ngong ina upana wa sentimita 80, ngazi nne za viatu na kulabu sita juu yake. Ninachokisifu zaidi ni kwamba ngazi hizo ni za fito zilizoachiwa nafasi, wala si mbao nzima, kwani kiatu kilicholoa mvua kikifungiwa kabatini hakikawii kuota ukungu, ilhali hapa hewa hupita na matope yaliyokauka hudondokea kwenye sinia niliyoiweka chini. (Sinia ni yangu, fundi hakuniongezea chochote.) Kasoro yake ni kina: sentimita 25 zinatosha viatu vya watoto, lakini vya mume wangu, namba 44, hutokeza nje na kuwakwaza wageni. Aidha, makoti mazito huielemea mbele, kwa hiyo ni lazima ifungwe ukutani kwa skrubu, jambo linalohitaji idhini ya mwenye nyumba. Ningeiagiza tena, ila kwa kina cha sentimita 32.