TAHADHARI: Pawa saplai za "24V 15A" zenye karatasi juu ya karatasi

Asalaam aleykum. Ndugu zangu mafundi, hasa nyinyi mnaojiundia mashine za CNC, zile zinazoongozwa na kompyuta, za kuchonga milango: kuna pawa saplai, yaani visanduku vya kugeuza umeme wa ukutani uwe volti 24 za mashine, zinauzwa hapa mjini Unguja zimeandikwa 24V 15A, na hiyo 15 ni uongo mtupu. Duka sitolitaja.

Mashine yangu ina stepa mota nne, zile zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, kila moja ya ampea 3. Muuzaji akanipigia hesabu pale pale: "Nne mara tatu kumi na mbili. Chukua hii ya kumi na tano, shekhe wangu, hutorudi hapa kulalamika." Hesabu yenyewe hata si hivyo. Draiva, ile saketi inayoendesha mota, ndiyo inayodhibiti umeme wake, na aghalabu thuluthi mbili ya jumla inatosha, yaani kwangu ampea 8. Nikajiona nimechukua na ziada. Nikatoa 95,000.

Kazi ndogo ndogo zilikwenda vizuri. Kisha nikaweka mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, mfenesi mkavu, maua yamejaa juu mpaka chini. Polepole haina neno. Ikishika kasi kutoka kona hii kwenda ile, mota zinanguruma na kuruka hatua. Ua la tatu likachongwa milimita 6 nje ya mahali pake. Na mashine haijui kama imekosea, inaendelea tu. Mfaa ule sasa ni kuni.

Niliporudi dukani nikaambiwa mota zangu ndizo mbovu, na kama nataka nguvu niongeze pesa nichukue ya volti 48. Draiva zangu mwisho wake ni volti 42! Ningemsikiliza, ningeziunguza zote nne siku moja.

Basi nikaipima mwenyewe, kwa taa za mbele za lori, za volti 24 wati 70. Kila moja inavuta karibu ampea 3. Unaziunga moja moja huku mita inasoma volti. Usiziwashe kwa mpigo, maana balbu ikiwa baridi inavuta sana mwanzo na hata saplai isiyo na kasoro inaweza kujizima. Ya ampea 15 ya kweli inabeba tano. Yangu, kwa mbili ilisoma 23.8. Nilipounga ya tatu ikashuka 17, ikazima.

Nikabandua karatasi kwa ukucha. Chini yake kuna nyengine: 24V 6.5A. Wallahi nilicheka.

Kama huna taa za lori, ombeni mizani ya duka la jirani. Yangu haikufika nusu kilo. Ya rafiki yangu, ya ampea hizo hizo lakini ya kweli, ilikuwa karibu robo tatu. Na kabla ya kuchomeka, angalia kile kiswichi cha ubavuni cha kuchagua volti za ukutani. Kikiwa kwenye 115, umeme wetu wa 230 utaipasua, na hapo utaambiwa umeiunguza mwenyewe.

Baada ya kuvutana sana, na mzee wa duka la pili kuingilia, nimerejeshewa 40,000. Saplai nimemwachia. Juzi nimepita, nimeiona imerudi kwenye shubaka pamoja na wenzake watatu, imebandikwa karatasi mpya.