TAHADHARI TANGA: Akikwambia "orijino ya kontroli boksi nimeshaisevu", akupe mkononi kabla hajaandika kitu

Ndugu zangu wenye magari, kuanzia Tanga mjini, Muheza hadi Korogwe: kuna kijana anazunguka kwenye gereji za Ngamiani na laptopu, anajinadi kwamba anaongeza nguvu ya injini na kupunguza ulaji wa mafuta kwa kubadilisha programu ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Mwezi uliopita alilishika gari langu. Msimpe lenu.

Mimi nina Volkswagen Touareg ya dizeli, V6 ya lita 3.0. Kila mwisho wa mwezi napanda Lushoto kwa wazazi, na ule mlima wa kutoka Mombo ulikuwa unalitesa. Tukakubaliana shilingi 350,000. Nilimuuliza jambo moja tu: nikitaka kurudi kama zamani itakuwaje? "Ondoa shaka mama, nasoma orijino kwanza, ile programu ya mwanzo, naitunza, siku yoyote nakurudishia." Akachomeka waya kwenye soketi chini ya dashibodi, na hata dakika haijaisha akasema ameshasoma.

Hapo ndipo nilipoibiwa, na nilikuwa nimesimama palepale nikiangalia. Kusoma kweli ni kuvuta kila kilichomo ndani ya boksi, na kunachukua muda. Kuna mashine ambazo huliuliza boksi namba ya programu yake tu, kisha zinaleta faili inayofanana kutoka kwenye akiba ya intaneti. Ukiona kwenye skrini unadhani ni ya gari lako, kumbe ya kwako haijaguswa. Ikishaandikwa nyingine juu yake, imepotea.

Siku ya tatu, kabla sijafika Soni, taa ya injini ikawaka, moshi mweusi ukatoka, injini ikagoma kupita mizunguko 3,000 kwa dakika. Nikampigia. Akataka 200,000 za "kurudishia". Nikamwambia nitumie kwanza hiyo faili yangu. Akaituma kwa WhatsApp, na tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari, Chumbageni, kijana mtulivu, Mungu amzidishie. Alikataa kuandika chochote. Alilitoa boksi, ni Bosch EDC16, akaliwekea umeme usioyumba mezani, akalisoma mara mbili na kuzilinganisha zile faili mbili mpaka akaridhika kwamba hazitofautiani hata baiti moja. Aliniambia hata faili mbovu lazima itunzwe kabla ya kuanza kazi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha gari lilikuja katika hali gani. Halafu akafungua ile ya WhatsApp. Ukubwa ulikuwa sahihi, megabaiti 2 kamili, kwa hiyo kwa kutazama ukubwa peke yake ungedanganyika. Lakini lebo ya boksi langu inaanza na 7L0, namba za Touareg. Ndani ya faili mlikuwa na 4L0. Hiyo ni Audi Q7. Na aliposaka kwenye ile aliyoisoma mwenyewe kutoka kwenye boksi, nako akakuta 4L0. Yaani tangu mwanzo nilikuwa natembelea faili ya gari la mtu mwingine.

Afadhali yule kijana hakuigusa EEPROM, ile chipu ndogo inayobeba siri ya funguo. Angeiandika na ile, gari lisingewaka kabisa.

Kwa hiyo mtu yeyote akitaka kugusa kontroli boksi yako, mwache asome mbele yako, mara mbili, na betri iwe kwenye chaja, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika boksi linaweza kufa. Leta flashi yako mwenyewe uondoke na nakala, ya faili kuu na ya EEPROM, kabla hajaandika. Piga picha lebo ya boksi. Namba za kwenye lebo zitafutwe ndani ya faili, na ile namba ya programu ya Bosch inayoanza na 1037 iandike kwenye daftari. Fundi wa kweli haoni tabu kukuonyesha. Akianza kusema "hiyo ni siri ya kazi", chukua funguo zako.

Kama uliwahi kumpa gari lako kijana huyu, ifungue faili aliyokupa leo hii, hata kama gari linatembea vizuri. Na kama una Touareg V6 ya dizeli ambayo boksi lake halijawahi kuguswa, naomba tuwasiliane tulinganishe lebo. Namba zikifanana, fundi wa Chumbageni yuko tayari kulisoma la kwako bure, nakala utaondoka nayo wewe, nami nipate pa kuanzia kurudisha orijino.